Shuka za Bwana Kalamu

Jumatano ile nilikuwa nimekaa kwenye kibaraza cha nyumba ya mapadri, upande wa kivuli, nikimenya karanga na kuandika kwa zamu. Karanga zilikuwa za mbegu. Mama alizileta asubuhi katika kikapu, kwa kuwa mvua ilikuwa inakaribia na nyumbani mikono haikutosha. Daftari lilikuwa la Padri Matiasi. Kila alipokwama kwenye neno, mimi nilimenya karanga. Alipolipata, niliandika.

Hapo ni Ushirombo, kwetu Wasumbwa, mwaka wa arobaini. Vita vya Ulaya vilikuwa vimetimiza mwaka, lakini kwetu vilikuwa bado habari ya kusikia tu. Nilikuwa kijana wa shule ya ualimu ya misheni, na padri alinichagua kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Yeye alikuwa Mjerumani, mrefu, mwenye ndevu zilizoanza mvi, naye alikuwa anatafsiri kitabu kwa mdomo. Alisoma mstari kwa lugha yake, akafumba macho, akausema kwa Kiswahili chake, nami nikaunyoosha na kuuandika. Tulifanya hivyo kila Jumatano baada ya masomo, kwa karibu mwaka mzima. Daftari lilikuwa la nne.

Kitabu kilieleza maisha ya mtu mmoja wa vilima vya kwao padri, aliyeishi zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. Jina lake lilikuwa refu, la Kilatini, na baadaye askari wenzangu walishindwa kulitamka wakamwita Bwana Kalamu. Nami nitamwita hivyo. Alikuwa mwandishi wa Kilatini, mtoto wa mchungaji wa Kiprotestanti. Nilimwuliza padri kwa nini tunahangaika na mtu asiye wa Kanisa letu.

"Mungu anasikia Kilatini cha wote, Petro," akasema. "Na hiki kilikuwa kizuri."

Bwana Kalamu alisoma upesi kuliko wenzake. Katika umri ambao mimi nilikuwa bado najifunza kushika chaki mbele ya watoto, yeye alikwisha kuwa mwalimu wa chuo kikuu. Aliandika michezo ya kuigiza, na wanafunzi wake wakaicheza mbele ya mtawala wa nchi. Katika michezo hiyo wakubwa walijiona wakiigizwa na vijana wasio na ndevu, matumbo yao na ulevi wao, nao walicheka kwa sababu mtawala alicheka. Kisha akatoa hotuba ya kuwasifu wakulima. Alisema kuna mabwana wanaokunywa jasho la mkulima wakidhani ni divai. Hapo hakuna aliyecheka.

Kuanzia siku ile hakukaa tena. Alihama mji huu akaenda ule, na mkewe na watoto, akifundisha, akigombana, akiandika. Kila mahali walimpokea kwa ajili ya kalamu yake na kila mahali walimfukuza kwa ajili ya kalamu hiyohiyo. Mwishowe aliandika barua kali kwa wakubwa wa kwao. Wakamkamata, wakamfunga katika ngome iliyokuwa juu ya mlima wa mawe.

Jumatano ile tulifika hapo. Mfungwa alikuwa peke yake katika chumba chenye dirisha moja, na chini ya dirisha ukuta, na chini ya ukuta genge la mawe. Walimruhusu kuwa na shuka za kitanda. Padri alisoma, akafumba macho.

"Anachana shuka," akasema.

"Kwa nini anazichana?"

"Anafunga vipande. Anafanya kamba."

Kengele ya sala ikalia. Padri akafunga kitabu.

"Anatoka, Padri?"

"Sura ya mwisho Jumatano," akasema. Akachota karanga zangu kwa kiganja bila kuomba, tabia aliyojifunza kwetu, akaenda kanisani.

Jumanne lilikuja lori.

Walikuwa maofisa wawili wa Kiingereza na askari watatu, wamekuja kuwachukua Wajerumani kuwapeleka kambi ya kizuizini. Hawakuwa na ukali. Walimpa padri muda wa kufunga sanduku moja. Karatasi zote zilizoandikwa kwa mkono kwa Kijerumani walizichukua, kwa kuwa hawakuweza kuzisoma. Kitabu kilichochapwa alikiweka katikati ya vitabu vya sala, nao hawakukigusa. Madaftari yangu manne yalikuwa chini ya godoro langu bwenini. Hakuna aliyeniuliza.

Sisi wanafunzi tulipanga mstari. Padri alipofika kwangu alisimama.

"Petro, mwisho usiutunge. Ningoje."

Nikasema, "Ndiyo, Padri."

Lori likaondoka. Shemasi mmoja akatuambia turudi darasani, tukarudi, tukamalizia hesabu tulizokuwa tumeziacha ubaoni.

Baadaye mtemi wetu alitakiwa kutoa vijana wa jeshi la Mwingereza, nami nikawa mmoja wao. Sikulazimishwa kwa kamba kama wengine wanavyosimulia. Jina liliitwa, nikajibu. Mama alinifungia karanga kwenye kitambaa. Daftari la nne nilikuwa nalo mkobani. Matatu nilimwachia yeye.

Kwa kuwa nilijua kusoma, jeshi lilinifundisha kufunga majeraha na kubeba machela. Siku ya kwanza kambini, nikiwa nimekaa na kikombe cha chai, mtu mfupi mwenye mabega mapana alikuja, akakichukua mkononi mwangu, akanywa chai yote, akanirudishia kikombe.

"Wewe Msumbwa?"

"Ndiyo."

"Basi hakuna ubaya. Mimi Mgogo."

Huyo ndiye Ndahani. Kwa vijana wa siku hizi inafaa nieleze. Babu zetu walibeba pembe za ndovu kwenda pwani wakipita Ugogo, nchi kavu, na Wagogo waliwatoza hongo, ushuru wa njia, kwa kila kisima. Wakapigana, wakachoka, wakawa watani. Mtani anaweza kukutukana na kuchukua chakula chako, na wewe huna haki ya kukasirika. Na mtu akifa, mtani wake ndiye mwenye kazi: anasaidia kuzika, anaigiza marehemu alivyokuwa akitembea na kusema, anawachekesha wafiwa hata kama hawataki. Mazishi yasiyo na mtani kwetu ni kama misa isiyo na baraka ya mwisho.

"Babu yako alimtoza babu yangu kitambaa kizima kwa kata moja ya matope," nilimwambia siku ile.

"Na babu yako alilipa," akasema Ndahani. "Ninyi hulipa kwanza, huonja baadaye."

Njaa ilimtoa Ndahani kwao. Alitembea na mkewe, Mama Wendo, mpaka Geita, akapata kazi kwenye shimo dogo la dhahabu la Mzungu mmoja. Kazi yake ilikuwa kamba. Yeye ndiye aliyefunga kamba ya katani kwenye roda, gurudumu la kupitishia kamba, na kuwashusha wachimbaji shimoni, na kila asubuhi, kabla ya mtu wa kwanza kushuka, alimwagia maji mafundo yote. Katani ikilowa huvimba, na fundo hujibana lenyewe.

"Fundo kavu ni ahadi ya mlevi," alikuwa akisema. Katika miaka yake yote pale hakuanguka mtu. Hilo alilitaja mara nyingi, na ndilo jambo pekee aliloringia.

Melini, katika safari ya kwenda kisiwa cha Seiloni, watu walikuwa wakitapika na kuomba. Mimi nilisoma daftari langu. Ndahani hakujua kusoma. Akataka kujua nasoma nini, nikamwambia, naye hakuniacha tena. Nilimsimulia maisha ya Bwana Kalamu tangu utoto, kidogo kidogo, melini, kambini, kwenye malori, tukipumzika kando ya njia. Wengine wakawa wanasogea kusikiliza. Waliipenda michezo ya kuigiza kuliko yote. Koplo mmoja wa Kahama alitaka nimweleze hasa jinsi vijana walivyowaigiza wakubwa walevi, kisha akamwigiza sajini wetu, na sajini akatokea nyuma yake. Koplo alichimba vyoo siku tatu.

"Unaona?" Ndahani akasema. "Ndilo kosa la Bwana Kalamu. Alitania watu wasio watani wake."

"Kwao hawana watani," nikamwambia.

"Hata kabila moja?"

"Padri hakunitajia."

Akafikiri. "Nchi nzima, hakuna mtu wa kukuambia ukweli bila kukupiga. Basi lazima wapigane."

Nilipofika mahali pa shuka, niliacha. Nikamwambia sina mwisho, na padri aliniagiza nisiutunge.

"Umemwacha mtu dirishani na shuka mkononi?"

"Ndivyo lilivyo daftari."

"Msumbwa, wewe ni mchawi," akasema. Tangu hapo, kwa miezi mingi, swali moja ndilo lilikuwa salamu yake. Asubuhi tukijipanga aliniuliza, "Bado yuko dirishani?" nami nikajibu, "Yuko."

Burma tulifika wakati wa mvua. Sijui niieleze vipi mvua ile kwa watu wa Shinyanga, ambako mvua huombewa. Haikukatika. Nguo zilioza mwilini. Buti zilipasuka. Tulipita katika bonde ambalo Waingereza wenyewe waliliita bonde la mauti, kwa sababu ya homa, na sisi tulilipita kwa miguu, tukipandisha malori kwa kuyasukuma kwenye matope. Wajapani walikuwa mbele yetu wakirudi nyuma, na kila kilima walichokiacha walikiacha baada ya kuua.

Nilibeba watu wengi. Mwanzo nilikuwa nawaombea kila mmoja kwa jina. Baadaye nilisema sala moja asubuhi kwa wote wa siku hiyo, kama mtu anayelipia mapema. Sikuwa nimepoteza imani. Niliendelea kusali kama mtu anavyoendelea kutembea mguu ukiwa umekufa ganzi.

Siku ya Ndahani ilikuwa asubuhi, kama saa nne.

Kikosi kilikuwa kinapanda kilima chenye miti mikubwa. Sisi wa machela tulikuwa nyuma.

Bomu la mzinga mdogo lilianguka mbele yetu. Kisha la pili.

Nikasikia mtu akiita machela. Nikapanda.

Ndahani alikuwa amekaa ameegemea mti. Mikono yake miwili ilikuwa tumboni. Bunduki ilikuwa imelazwa vizuri pembeni, mdomo ukitazama mbali na watu, kama tulivyofundishwa.

Nilifunga nilichoweza kufunga. Nilijua.

Tulikuwa wanne kwenye machela, na njia ya kushuka ilikuwa tope tupu. Koplo wa Kahama alishika mbele. Tulianguka mara mbili. Mara ya pili Ndahani alisema, "Wachukuzi gani hawa. Mngekuwa na pembe za ndovu mngekuwa mmezivunja zote."

Hatukucheka. Tulihitaji pumzi.

Katikati ya mteremko tulimweka chini tupumzike. Nikapiga magoti upande wa kichwa chake, nikamkinga mvua kwa kofia.

"Petro."

Hakuwahi kuniita kwa jina. Nilikuwa Msumbwa siku zote.

"Nipo."

"Yule mtu. Alitoka?"

Agizo la padri nilikuwa nimelibeba miaka minne. Nililibeba vizuri kuliko nilivyobeba bunduki. Nilitazama uso wa Ndahani, ulikuwa na rangi ya majivu.

"Alitoka," nikasema.

"Shuka zilitosha?"

"Zilitosha."

"Mafundo aliyalowesha?"

"Aliyalowesha."

"Kwa maji gani? Si amefungwa."

Hilo sikuwa nimelifikiria. "Maji yake ya kunywa," nikasema. "Aliacha kunywa siku mbili."

Ndahani alifumba macho. Nilidhani amekwenda. Kisha akasema, "Kumbe naye ni Mgogo."

Hatukufika naye barabarani akiwa hai.

Tulimzika kabla ya saa nane, kando ya njia, pamoja na wengine wawili. Kasisi wa jeshi alikuwa kwenye kikosi kingine, kwa hiyo sala nilisoma mimi. Ndahani hakuwa amebatizwa. Nilisoma hivyohivyo. Nilipomaliza, Koplo wa Kahama alinigusa kiwiko.

"Wewe ndiye mtani wake wa karibu. Sema kitu."

Nilijua kazi yangu. Nilipaswa kutembea kama yeye, magoti nje, na kunyang'anya watu vikombe vyao. Watu walikuwa wananisubiri, na mvua ilikuwa inajaza kaburi kabla ya udongo.

"Leo maji ni ya bure, Mgogo," nikasema.

Koplo alicheka kidogo kwa pua, kisha akageuka. Wengine wakaanza kufukia. Mimi sikusikia chochote ndani yangu, wala kicheko wala kilio. Jioni nilikula biskuti zangu, kisha nikala na zake, kama mtani anavyoruhusiwa.

Nilirudi vita vilipokwisha. Namshukuru Mungu nilirudi na viungo vyote. Kabla ya kwenda kwetu nilipitia Geita, nikiwa na mkanda wa Ndahani. Mama Wendo alikuwa bado anaishi karibu na shimo lile la dhahabu, akipika pombe ya mtama na kulima vipande vya mhogo. Barua ya serikali alisomewa zamani. Matanga yalikwisha fanyika, lakini Wagogo wenzake wachache waliokuwa pale walimwambia yamefanyika nusu, maana mtani aliyemzika hayupo. Alikuwa amenisubiri, bila kunijua jina.

Basi wakakusanyika tena, mchana, mbele ya nyumba yake. Nilifunga mkanda wa marehemu kiunoni, nikasimama. Nilitembea magoti nje. Nilinyang'anya mzee mmoja kata ya pombe nikanywa mpaka chini. Wanawake wakaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na mtoto Wendo, ambaye hakumkumbuka baba yake, alicheka tu. Nikasimulia kwa sauti ya Ndahani maisha ya Bwana Kalamu, na nikamtoa gerezani kwa shuka zilizolowa.

"Aliyalowesha?" Mama Wendo akauliza.

"Aliyalowesha, kwa maji yake ya kunywa."

Akatikisa kichwa kuwatazama wenzake, kama anayesema, mmesikia. Nilimweleza pia niliyoyasema kaburini. Hilo halikumchekesha. Aliinama akaendelea kufunga kanga ya mtoto.

Nikaenda kwetu. Nikawa mwalimu, nikaoa. Miaka ikapita. Nilifundisha watoto kusoma, nikawaandaa kwa komunyo ya kwanza, na kila mwaka katika mafundisho ya amri nilifika kwenye ile inayokataza uongo, nikaifundisha kama zile nyingine.

Padri Matiasi alirudi mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Alikuwa amezeeka kupita umri wake. Mikono ilitetemeka, na aliposhuka kwenye gari alitutazama kama mtu anayehesabu kundi lake baada ya fisi. Jumatano iliyofuata nilikwenda kibarazani na daftari. Hakuonyesha kushangaa. Aliingia ndani akatoka na kitabu kilekile, jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia.

"Shikamoo, Padri."

"Marahaba. Tulikuwa dirishani," akasema, akafungua.

Akasoma, akafumba macho, akasema kwa Kiswahili, nami nikaandika. Bwana Kalamu alijishusha kwa shuka zake. Alikuwa mtu mzito. Katikati ya ukuta shuka ilikatika, akaanguka kwenye mawe. Walimkuta asubuhi. Alikuwa bado hajazeeka. Mkewe alipewa habari na walinzi.

Nikaandika yote. Mkono wangu ulikuwa thabiti. Nilimaliza sentensi, nikaweka kituo.

"Kuna mambo zaidi?" nikauliza.

"Kuna maneno ya mtu aliyekwenda kumtazama. Anasema mafundo yote yalikuwa bado yamefungwa. Nguo ndiyo iliyochanika." Akaushikilia ukurasa kwa kidole. "Na anasema wakubwa walikuwa wamekwisha anza kulainika. Labda angengoja miezi michache wangemfungulia. Nilisoma sura hii mara nyingi kule kambini, Petro. Kila mara nilitaka kumwambia angoje."

Hapo nilimwomba anisikilize kama padri, akavaa stola yake ya kuungamishia palepale kibarazani. Nilimweleza kwamba niliutunga mwisho, na kwa nani, na kwamba niliurudia mbele ya mjane wake. Nikamweleza utani.

"Yule aliyekufa umemwacha mikononi mwa Mungu, na Mungu anajua kutofautisha," akasema. "Lakini mjane yu hai. Nenda ukamwambie ilivyokuwa. Hayo ndiyo malipizi yako."

Padri Matiasi tulimzika mwaka wa tatu baada ya hapo. Kitabu hakikuchapwa kwa Kiswahili. Daftari la kwanza na la pili yaliliwa na mchwa nyumbani kwa mama, na la tatu nililiazima mtu asiyelirudisha. La nne ninalo mpaka leo, hapa Ngokolo, mjini Shinyanga, ninapoishi na binti yangu. Ndani yake mtu anakamatwa, anachana shuka, anaanguka. Kwa nini alikamatwa, msomaji hawezi kujua tena. Yale ya mwanzo, michezo na vicheko na hotuba ya wakulima, yamebaki kichwani mwangu, na kichwa changu ni cha mzee. Ndiyo sababu moja ya kuandika haya.

Geita nilikwenda kiangazi kilichofuata maungamo yale, juu ya lori la pamba. Njia nzima nilitafuta maneno sikuyapata. Nilijiambia kwamba vita vilimchukua Ndahani mara moja, na mimi naenda kumchukua mara ya pili. Nilikwenda hata hivyo. Nilikuwa nimeagizwa.

Shimo la dhahabu lilikuwa limefungwa, na watu wengi walikuwa wamehamia mgodi mkubwa. Nilimkuta Mama Wendo kisimani, anavuta maji kwa kamba. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi. Aliniona kwa mbali, hakusimamisha mkono.

"Msumbwa amekuja kulipa," akawaambia wanawake wenzake.

Nilimsalimu, nikamwomba tuzungumze pembeni. Akasema hana pembeni, ndoo ziko tano. Basi nikamwambia palepale, huku akivuta. Nilimwambia kwamba siku ile sikujua mwisho. Kwamba nilimwambia mumewe uongo akiwa anakufa, na yeye nikamwambia uongo huohuo. Kwamba Bwana Kalamu hakutoka. Kamba ilikatika akaanguka, akafa kwenye mawe.

Mama Wendo aliinua ndoo, akaiweka kwenye ukingo wa kisima, akashika kamba kwa mikono miwili akiitazama.

"Ilikatika wapi? Kwenye fundo au kwenye nguo?"

"Kwenye nguo. Mafundo yalikutwa yamefungwa yote."

Wendo, ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa, alikuwa amesimama nyuma ya mama yake na ndoo kichwani, naye anasikiliza.

"Umesikia," Mama Wendo akamwambia binti yake. "Nguo. Si fundo."

Kisha akateremsha tena kamba kisimani. Nilibaki nimesimama. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, au kwa matusi ya kweli, yasiyo ya utani, na sikuwa nimejiandaa kwa lingine. Jua lilikuwa kali. Tangu lorini sikuwa nimetia kitu kinywani.

Mama Wendo akachota kwa kata kutoka kwenye ndoo ya mwisho, akaninyooshea.

"Kunywa, Msumbwa," akasema. "Leo ni bure."

Nilipokea kwa mikono miwili, nikanywa. Yalikuwa na tope kidogo.